Barua Yenye Muhuri: Jinsi Ufuo wa Mombasa Ulivyofungwa

Mnamo Septemba 2017, Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliingia katika kiwanja kimoja cha Nyali kinachotazama bahari, ikabomoa ukuta wake na kusawazisha ardhi, ili watu wapate tena njia ya kufika ufuoni. Kampuni iliyokuwa na hati ya kiwanja hicho ilikimbilia mahakamani ikilia kwamba haki yake ya kumiliki mali imekanyagwa. Ikashindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ikashindwa katika Mahakama ya Rufani. Na tarehe 21 Aprili 2023 ikashindwa katika Mahakama ya Juu, mahali ambapo kesi za nchi hii hupumzika.

Tunawasihi wasomaji wetu, na hasa wale wanaoketi katika kamati za haki na amani za makanisa, waisome hukumu hiyo, Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kama wanavyosoma waraka wa kichungaji. Kampuni ile ilisema: sisi ni mnunuzi mwema, tulinunua kwa aliyenunua kwa mwingine, hati tunayo, tumkosee nani? Mahakama haikuishia kwenye hati. Ilirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye chemchemi, ikauliza: mtu wa kwanza kabisa aliipataje ardhi hii? Ikaonekana kwamba kiwanja kilikuwa uwanja wa wazi uliotengewa umma, na kwamba mgawiwa wa kwanza, mwaka 1989, alikuwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Utaratibu wa sheria haukufuatwa. Kwa kuwa mzizi ulikuwa umeoza, Mahakama haikuona tunda la kulinda.

Fikirini jambo hilo, ndugu zetu. Kwa Sheria ya Ardhi za Serikali ya siku zile, mwenye mamlaka ya kuigawa ardhi ya umma isiyogawiwa alikuwa Rais. Kwa hiyo mgawaji na mgawiwa walikuwa mtu mmoja. Mkono wa kulia uliupa mkono wa kushoto, na Kamishna wa Ardhi akawa mpigaji muhuri.

Wale waliolelewa katika shule ya Jumapili wanaikumbuka habari ya Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Kwa miaka mingi imehubiriwa kama habari ya tamaa, na hilo ni kweli. Lakini sisi tuliosomea sheria tunaona jambo lingine ndani yake. Ahabu hakutuma askari kulivamia shamba la mizabibu. Yezebeli aliandika barua. Aliziandika kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji, na wazee wakazitii. Kukatangazwa mfungo. Kukaitwa mashahidi wawili, kama sheria ilivyotaka. Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu wa ofisi, isipokuwa mwishoni mtu alikuwa amekufa na shamba lilikuwa limehama. Unyakuzi wa ufuo wa Pwani nao ulitembea kwa miguu hiyo hiyo. Ulikuja na barua, si na panga, na wazee wa mji wakaitika.

Hatuwezi kuuelewa msiba huu bila kupita, japo upesi, katika historia. Ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hata Waingereza walipokuja kuulinda mwaka 1895. Mwaka 1908 wakatunga Sheria ya Hati za Ardhi. Kila aliyedai kuwa na ardhi alitakiwa ajitokeze mbele ya Msajili na ushahidi wake, na ile ambayo haikudaiwa na kuthibitishwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Mwenye karatasi, au mwenye kujua ofisi ilipo, alipata. Mdigo, Mgiriama na Mduruma, ambao shamba lao lilithibitishwa na kaburi la babu na mwembe alioupanda, hawakuwa na cha kumwonyesha Msajili. Oktoba 1963, uhuru ulipokaribia na ukanda ule ukaunganishwa na Kenya, wakubwa waliafikiana kwamba hati zilizokuwapo ziheshimiwe. Basi tukaingia katika uhuru tukiwa na wenye hati wasiolima na wanaolima wasio na hati. Neno “skwota”, ambalo mtu wa Pwani huitwa akiwa ameketi juu ya kaburi la babu yake, lilizaliwa hapo.

Lakini hayo yote yalikuwa utangulizi tu. Kilichoufunga ufuo wenyewe ni watalii, na baada ya watalii, siasa.

Nyali tuliyoikuta sisi ilikwisha kuwa na daraja la saruji la mwaka 1980, lililochukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931. Daraja liliifanya bara ya kaskazini kuwa kitongoji cha mji. Hoteli zilijipanga toka Nyali hadi Bamburi na Shanzu, na upande wa kusini toka Tiwi hadi Diani. Hatutasema kwamba hoteli hizo zilikuwa balaa tupu. Wako wazazi waliosomesha watoto kwa mshahara wa jikoni na wa bustanini, na wako wavuvi waliouza kamba na pweza kwa bei ambayo soko la Kongowea lisingetoa. Aidha, hoteli ya zamani ilikuwa na ukuta, lakini mara nyingi iliacha kichochoro pembeni, ama kwa huruma ama kwa kuwa ilihitaji samaki wa asubuhi.

Ndipo ikaja miaka ya mwisho ya ukiritimba wa chama kimoja na ile iliyofuata. Wengi wetu tunaoandika hapa tulikuwa bado katika shule za msingi kifungu cha 2A kilipofutwa, Desemba 1991, na tulishangilia kwa kuwa watu wazima walishangilia. Hatukujua kwamba siku zile zile ambapo watu walikuwa wakipigwa virungu kwa kudai vyama vingi, ploti za ufuoni zilikuwa zikigeuzwa sarafu ya siasa. Kigogo aliyehofiwa kuhama alitulizwa kwa ploti. Afisa aliyetumika vyema alishukuriwa kwa ploti. Mgawiwa hakuwa na nia ya kujenga hata banda la kuku. Aliiuza barua ile ile ya kugawiwa, hata kabla ya hati kutoka, na mnunuzi akamwuzia mwingine. Sheria ilisema viwanja vya mjini viuzwe kwa mnada, isipokuwa Rais aamuru vingine katika shauri mahsusi. Kilichowekwa kuwa dharura kikawa desturi.

Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 2004, iliyafunua hayo yote kwa nchi nzima: misitu, viwanja vya shule, makaburi, barabara, na fuo. Hati zinazokadiriwa kufikia 200,000 zilionekana zimetolewa kinyume cha sheria. Ripoti ikapokewa kwa hotuba. Kisha ikawekwa kabatini. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaja nayo mwaka 2013, ikasema ya Pwani kwa kirefu, nayo ikatafutiwa kabati.

Sasa tuseme juu ya sura mpya ya jambo hili, maana unyakuzi wa kwanza umezaa wa pili, na huu wa pili huitwa kwa jina zuri: “maendeleo”.

Hoteli nyingi za zamani zimezeeka au zimefungwa. Ploti zilizokaa vichakani kwa miaka ishirini zimeamka. Mahali pa mabanda ya makuti pameota fleti za ghorofa nyingi, zinazouzwa kwa watu wa Nairobi na wa ng'ambo, nyingine zikipangishwa kwa usiku mmoja mmoja. Tangu barabara ya Dongo Kundu iliposhikana na upande wa Kwale, bei ya ardhi ya Diani nayo inazungumzwa kwa sauti ya chini kama habari za mgonjwa. Na mkaazi wa zamani, aliyepanga Mtopanga, Mwembelegeza au Ukunda, anaulizwa kwa nini hafurahi. Hajapata barabara? Hajapata taa?

Tumweleze anayeuliza.

Kwanza ni njia. Njia ya kwenda baharini si anasa ya kuogelea. Ni njia ya kazi. Mvuvi hupita na wavu, dema na kasia usiku wa manane, kwa kuwa maji hayafuati saa ya askari wa lango. Mama karanga hupita kumlaki mvuvi, anunue samaki, akaange, auze jioni mtaani. Wanawake na watoto hushuka maji yakipwa kuchokoa pweza miambani. Kila njia ikizibwa, watu hao huzunguka kilomita mbili au tatu, na samaki hawazunguki na mtu bila kuharibika. Katika Bamburi umma umebakiwa na ufuo mmoja mkubwa wenye jina rasmi, Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu huuita Pirates. Nendeni huko siku ya Idd au siku ya Krismasi mkaone jinsi taifa zima linavyosukumana katika kipande kile, na kulia na kushoto mchanga umelala mtupu mbele ya kuta. Hatuoni aibu kusema kwamba picha hiyo hutukasirisha zaidi ya hotuba yoyote.

Pili ni alama ya maji. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma, na inasimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Maneno ni manyofu. Lakini Ibara yenyewe haikutaja ni maji ya siku gani. Mtu wa Pwani anajua kwamba maji ya bamvua si maji mafu. Mara mbili kwa mwezi bahari hupanda kwa nguvu, na katika Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua kubwa hukaribia mita 4. Kisha kati ya bamvua na bamvua huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Soroveya akija siku ya maji mafu, na mwenye ploti akiwa amemnunulia chakula cha mchana, alama itawekwa mbali kule chini na ukuta utafuata alama. Siku ya bamvua mawimbi yanapiga ukutani, na mwenye ploti analalamika kwamba bahari inamla! Kanuni za upimaji zilitaka, ardhi ya serikali inayopakana na bahari inapopimwa ili igawiwe, uachwe kwa kawaida ukanda usiopungua mita 60 juu ya maji makuu. Ni sheria ngapi za nchi hii zimezama katika shimo la “kwa kawaida”?

Na ukuta haumdhuru mpita njia peke yake. Wimbi likigonga saruji halifi, hurudi na mchanga. Kwa hiyo jirani asiye na ukuta huona ufuo wake ukiliwa, naye hujenga wake, na mwingine naye vivyo hivyo, mpaka diko la wavuvi lililo mwisho wa mstari, lisilo na fedha za saruji, ndilo linalolipa deni la wote.

Maji ya kunywa nayo tuyataje. Mji wa Mombasa hutegemea maji ya Mzima, Marere, Tiwi na Baricho, na tangu tupate akili hatujaona mwaka ambao yalitosha. Jengo la fleti mia halingoji mfereji, huchimba kisima kirefu na kuweka pampu. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji matamu huelea humo juu ya maji ya bahari. Ukivuta mno matamu, chumvi hupanda. Kisima cha jirani, kilichochimbwa kwa mikono na kunywesha mtaa, huanza kukolea. Tena mashimo ya maji machafu ya majengo hayo yako katika mawe hayo hayo. Mama wa Mtopanga hununua maji kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni, huku ng'ambo ya ukuta kuna kidimbwi cha kuogelea.

Lakini jambo linalotukosesha usingizi kuliko yote ni nyumba.

Wasomaji wetu wa bara huenda hawajui desturi ya Pwani iitwayo nyumba bila ardhi. Katika Majengo, Kisauni, Likoni na mitaa mingi ya Pwani, ardhi ni ya mmoja na nyumba ni ya mwingine. Mwenye ardhi humruhusu mtu ajenge. Mwenye nyumba humlipa kodi ya kiwanja kila mwezi au kila mwaka. Nyumba hiyo, yenye vyumba sita na ukumbi katikati, huuzwa, hurithiwa, hugawiwa kwa watoto na wajane kwa sheria ya mirathi, hupangishwa chumba chumba kwa wafanyakazi wa hoteli. Sheria ya Kiingereza hushikilia kwamba kilichoganda ardhini ni cha mwenye ardhi. Desturi yetu, yenye asili yake katika sheria ya Kiislamu, ilitenganisha viwili hivyo, na kwa vizazi vingi mwenye ardhi na mwenye nyumba walijuana, walizikana, waliozana.

Ardhi ya mtaa ulio nyuma ya hoteli inapopanda bei, mwenye ardhi wa zamani huwa amekwisha kufa. Warithi wako Nairobi, London au Jeddah. Wanauza. Mnunuzi hataki kodi ya shilingi mia, anataka ardhi tupu. Kwa hiyo barua hutoka: mnapewa muda wa kuondoa nyumba zenu. Tazameni maneno hayo, kuondoa nyumba! Kana kwamba nyumba ya mawe na saruji aliyoijenga mtu kwa kiinua mgongo chake ni hema la skauti. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka ilani isiyopungua miezi 3 kabla ya kumtoa mtu anayeikalia ardhi ya mwenyewe isivyo halali. Miezi mitatu, kwa nyumba ya miaka hamsini! Katika kesi ya Mitu-Bell, Januari 2021, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba watu waliokaa muda mrefu katika ardhi ya umma na kufanya maskani humo wana haki ya makazi inayostahili kulindwa. Tunashukuru. Lakini mwenye nyumba bila ardhi yuko juu ya ardhi ya mtu binafsi, na kwake mlango huo umefunguliwa nusu tu.

Mzee mmoja alikuja ofisini kwetu na mfuko wa nailoni uliojaa stakabadhi za kodi ya kiwanja, nyingine zimeliwa na mende, za miaka zaidi ya thelathini. Alizipanga mezani kwa mpangilio wa tarehe. Kisha akauliza, “Wakili, hizi zote pamoja hazifanyi hati moja?” Tulimjibu kisheria, na tulipomaliza hatukuweza kumtazama usoni.

Na barua ile aliyoletewa ilikuwa na kichwa cha ofisi ya mawakili. Hapa hatuna budi kusema ukweli unaotuhusu. Barua za namna hiyo sisi mawakili ndio tunaoziandika. Mikataba ya kuuziana ploti za ufuoni tuliichora sisi, tukatoza asilimia yetu, na wachache miongoni mwetu waliwahi kuuliza mzizi wa hati ulifika wapi. Tulitafuta jina katika rejista, tukaliona, tukasema yatosha. Baada ya hukumu ya 2023 hakuna wakili awezaye kusema tena kwamba rejista inatosha. Makanisa nayo yasijifanye yamesimama kando. Kanisa lolote, au jumuiya yoyote ya kidini, lenye nyumba ya mapumziko au kiwanja ufuoni, na lifungue faili lake na kusoma ukurasa wa kwanza: nani alipewa, lini, na kwa barua ya nani. Wakikuta mkono wa Yezebeli, wajue la kufanya.

Tunajua tutajibiwa. Tutaambiwa kwamba tunafukuza wawekezaji, kwamba vijana wanahitaji kazi. Hoja ya kazi ni nzito, nasi hatuidharau. Lakini hoteli ya zamani iliajiri mpishi, mfuaji, mtunza bustani, mpiga ngoma, mwendesha mashua. Jengo la fleti likikwisha kujengwa huajiri askari wawili langoni na mama wa kufagia. Kazi ya mjengo ni ya mwaka mmoja, na ukuta ni wa milele. Wala hatusemi mtu asijenge. Tunasema ajenge juu ya ardhi iliyo yake, nyuma ya mstari wa sheria, na njia ya watu iachwe mahali ilipokuwa.

Tutaambiwa pia, na wengine watasema kwa kunong'ona, kwamba tatizo ni “watu wa bara”. Hapa tunakataa kwa nguvu zetu zote. Agosti 1997, Likoni, uchungu wa ardhi ulishikwa na wanasiasa ukageuzwa panga. Kituo cha polisi kilivamiwa, watu wakauawa kwa sababu ya kabila lao, maelfu wakakimbilia makanisani. Baada ya hapo polisi wakawageukia vijana wa Kidigo kwa mapigo yasiyochagua. Watalii wakatoweka, na walioachishwa kazi wakawa wa kabila zote. Je, kuna aliyenyakua ufuo aliyepoteza hata tofali moja siku zile? Mluo anayeuza mitumba Ukunda na Mkamba anayechonga vinyago Bamburi hawakupewa ploti na mtu. Walioipewa hawaishi Likoni. Wala si ajabu kwamba wenye majina makubwa ya Pwani nao wamo katika orodha za wagawiwa. Ardhi haikuuzwa na wageni peke yao.

Juu ya wageni wa ng'ambo, sheria ipo, ila hailindwi. Ibara ya 65 humkataza asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ukodishaji usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa ya raia ikiwa tu yote ni mali ya raia. Tena tangu 2016 ploti za safu ya kwanza na ya pili kutoka maji makuu ya Bahari ya Hindi haziwezi kuingia mikononi mwa asiye raia bila idhini ya maandishi ya Waziri. Basi mtu hutafuta mwenyeji wa kumwazima jina. Mwenyeji hupewa kitu kidogo, na jina lake hukaa mlangoni kama sanamu la kutisha ndege.

Serikali za kaunti tulizipigania. Tuliamini kwamba mamlaka yakishuka kutoka Nairobi, mnyakuzi atakosa pa kupigia muhuri. Kaunti ya Mombasa ilipobomoa ukuta ule wa Nyali ilitenda lililo haki, nasi tunalisema bila kusita. Lakini idhini za kujenga ghorofa zinazoziba upepo wa mtaa mzima zinatoka katika kaunti hizo hizo, na ilani za kuwauliza wananchi hubandikwa mahali ambapo mbuzi pekee ndio husoma. Sheria ya 2016 iliyoruhusu madai ya dhuluma za kihistoria za ardhi yapelekwe kwa Tume ya Taifa ya Ardhi iliweka kikomo cha miaka 5, na Septemba 2021 kikomo kikafika. Wengi wa wazee tuliozungumza nao hawakuwa wamesikia kwamba saa ilikuwa inahesabu.

Kwa hiyo tunataka hati zote za ploti zinazopakana na bahari, toka Vanga hadi Kiunga, zipimwe kwa kipimo cha hukumu ya 2023, na matokeo yachapishwe kwa jina. Tunataka alama ya maji ya bamvua iwekwe kwa mawe, mbele ya wavuvi. Tunataka Bunge litunge sheria ya nyumba bila ardhi, impe mwenye nyumba haki ya kwanza ya kununua kiwanja, au fidia kamili ya nyumba yake kabla ya kutolewa. Ibara ya 68 imekwisha kuliagiza Bunge lilinde ardhi ya umma na kuhakikisha watu wanaifikia. Si hisani tunayoomba.

Lakini tusingoje Bunge. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Parokia ikiandika barua moja kwa ofisi ya mipango ya kaunti ikitaka kuona ramani iliyoidhinishwa ya eneo lake, njia zilizozibwa zitaonekana zimechorwa pale, nyeupe, zikingoja wenyewe. Mradi ukipewa leseni ya mazingira isivyo haki, kuna siku 60 za kukata rufani mbele ya Baraza la Mazingira, zihesabuni. Na kazi ya kwanza kabisa haihitaji wakili. Jumamosi moja, siku ya bamvua, vijana wa kanisa na wa msikiti watembee pamoja ufuoni toka diko hata diko, na wazee wawili wa kuwaonyesha. Kila njia iliyokuwapo iandikwe: ilianzia wapi, iliishia wapi, nani aliiziba na mwaka gani, na nini kimejengwa juu yake. Iandikwe kwa jina ambalo wavuvi huiita, si kwa jina lililo kwenye kibao cha lango. Karatasi hizo zitufikie kabla ya mwisho wa mwezi ujao, zikiwa zimetiwa sahihi na walioshuhudia, nasi tutazipeleka mahakamani tukiwa tumezishika mkononi.